Kauli Isiyopokelewa

Bomu lilipolipuka chini ya gari la deraya la mbele, Koplo Namsifu Mgonja alikuwa anakunywa maji. Chupa ilimtoka mkononi, na kabla haijatulia sakafuni alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma wa gari lake na kuruka chini kwenye vumbi la magadi. Mafunzo ya jeshi hukaa miguuni zaidi kuliko kichwani. Kichwa chake kilikuwa bado kinajiuliza ule mshindo ni wa nini, na miguu ilikuwa imeshafika nusu ya njia.

"Karani, waka," alisema huku akikimbia.

"Nipo," ikajibu sauti sikioni mwake, sauti ya mtu ambaye hajawahi kuchelewa kazini wala kugombana na jirani. "Mapigo yako mia na arobaini. Kauli zako kwa sasa ni makisio."

Namsifu akaacha kukimbia, akatembea. Raia akiliona jambo hili hulishangaa: watu wanavuja damu hatua chache mbele, na tabibu wao anatembea kama anakwenda sokoni. Lakini tabibu wa kikosi cha kulinda bomba la maji hapaswi kufika kwa majeruhi akiwa anahema. Namsifu alivuta pumzi kwa pua, akaishikilia, akaitoa taratibu kwa mdomo kama anayepuliza uji. Alipofika kwenye deraya lililolala ubavu, bangili mkononi mwake ilikuwa imegeuka kutoka nyekundu kuwa kijani. Kijani maana yake Karani anakuamini.

Waliobuni Karani hawakuwa wapumbavu, na hilo lisemwe mapema. Kabla yake, tabibu aliandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye kadi aliyomfunga majeruhi kifuani: mkanda wa kubana damu umefungwa saa ngapi, dawa gani, kiasi gani. Mwanafunzi akiwa darasani aliijaza kadi hiyo vizuri kabisa. Ukimlipulia baruti masikioni na kumpaka damu ya mbuzi viganjani, kadi ilirudi tupu, au ilirudi na mambo ambayo hayakutokea. Wapo walioandika dawa wasiyoitoa. Wapo walioitoa, kisha wakaapa kwa mama zao kwamba hawakuigusa. Kutibu na kuandika viligombania mikono ileile miwili, na kuandika ndiko kulikoshindwa kila mara, na daktari wa hospitali ya nyuma akapokea mtu bila kujua amefanyiwa nini.

Basi wakatengeneza mwandishi asiyehitaji mikono. Tabibu anasema alichokifanya, Karani anakiandika, anakiwekea saa na kukituma mbele. Na kwa kuwa mtu aliyeshikwa na hofu hukosea, Karani anampima mapigo, jasho na mtetemo wa vidole, kisha anaipa kila kauli uzito wake. Kauli ya mtu aliyetulia ni yakini. Kauli ya mtu aliyepagawa ni makisio. Ndege za kubeba majeruhi, zile zinazoitwa Vipanga, hazina rubani wala daktari ndani. Zina mikono ya chuma inayotibu watu njiani, na mikono hiyo husoma yakini peke yake.

Dereva wa deraya alikuwa ameshakufa, na Namsifu akampita. Wawili walikuwa hai. Sajenti Ng'wandu Masunga, mtu mzima wa kutoka Bariadi, alikuwa amekaa akiegemea gurudumu, nyonga imepondwa, na bado anawapangia askari pa kujibanza. Praiveti Pazi alikuwa amelala chali pembeni yake. Kipande cha bati kilikuwa kimemchana kinenani, mahali pabaya ambapo mkanda wa kubana damu haupati pa kushika, na mchanga chini yake ulikuwa umelowa.

"Dokta, anza na huyo Mzaramo," alisema Sajenti. "Mimi nitasubiri. Yeye akisubiri atalalamika."

"Msukuma, usiniharakishe," alinong'ona Pazi. Walikuwa watani, na hakuna aliyewahi kuwasikia wakiongea vingine.

Namsifu akapiga magoti. Alijaza shashi kwenye jeraha kwa vidole, safu juu ya safu, akaweka goti lake juu na kukandamiza kwa uzito wote. "Nimeziba kinena kwa shashi," alisema. "Yakini," akajibu Karani. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa kifuani wa Pazi. Kila askari hutembea na sindano yake mwenyewe ya kugandisha damu, imeandikwa jina lake, na sheria inasema majeruhi atibiwe kwa vifaa vyake kwanza, vya tabibu vibaki kwa ajili ya wengine. Akaipata. Jina lilisomeka vizuri, PAZI M., na kifuniko chake chekundu kilikuwa mahali pake.

"Nimempa dawa ya kugandisha damu," alisema.

"Yakini."

Alikuwa hajampa. Sindano ilikuwa ndiyo kwanza inatoka mfukoni. Hapa nieleze, maana asiyejua atadhani Namsifu alikuwa mwongo. Kule chuoni alama za kasi zilihesabiwa kutokana na kauli, na wanafunzi hawakuchukua muda kugundua kwamba anayetanguliza mdomo mbele ya mkono ndiye anayeongoza darasa. Unasema umefunga huku mkanda ukiwa bado unauvuta. Unasema umechoma huku ukiwa unatafuta msuli. Wenyewe waliuita mtindo huo kutanguliza, na wakufunzi walijua, kwa sababu nao walifaulu hivyohivyo. Ni kama mama anayewaambia wageni chakula tayari wakati wali uko mkaani. Hajawadanganya, chakula kitafika tu. Namsifu alikuwa bingwa wa kutanguliza, na katika miaka yake yote ya kazi mkono ulikuwa haujawahi kushindwa kuufuata mdomo.

Ndipo risasi zilizokuwa ndani ya deraya zikaanza kulipuka kwa moto. Namsifu alijitupa juu ya Pazi. Kisha akaipachika sindano kwenye mfuko wa suruali yake, akamshika Pazi kwa mikanda ya fulana ya kuzuia risasi na kumburuta hadi kwenye korongo, akarudi kumchukua Sajenti, ambaye alipiga ukelele mmoja tu njia nzima. Huko korongoni Sajenti aliomba dawa ya maumivu kwa sauti ambayo Namsifu hakuwahi kuisikia kwake. Akamchoma mofini, kipimo kamili. "Nimempa mofini," alisema, na safari hii mkono na mdomo vilikwenda pamoja. "Yakini," akasema Karani. Kipanga kikatua kwa vumbi kubwa, askari wakawapakia wote wawili, kila mmoja akachomwa dripu na mkono wa chuma, mlango ukafungwa na ndege ikapaa kuelekea hospitali ya nyuma.

*

Namsifu alikuwa amekaa juu ya jiwe, anatafuta kitambaa cha kufutia mikono, alipoingiza vidole mfukoni na kukutana na kitu chembamba cha plastiki. Akakitoa. Kifuniko chekundu kilikuwa mahali pake.

Alikitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Bangili yake ikawa nyekundu kabla hajasema neno.

"Karani, futa kauli ya dawa ya Pazi. Sikumpa."

"Kauli ya awali ilitolewa kwa mapigo tisini na mawili. Ni yakini," alisema Karani. "Kauli mpya imetolewa kwa mapigo mia na sitini. Ni makisio. Makisio hayafuti yakini. Tulia, kisha rudia."

"Ninayo mkononi. Sindano yake ninayo mkononi."

"Tulia, kisha rudia."

Karani hakuwa na macho. Zamani alikuwa nayo, hadi picha za askari mmoja anayekufa zilipozunguka kwenye simu za watu huko nyumbani na mjane wake akazipokea kabla hajapokea taarifa ya jeshi. Macho yakaondolewa, na kila mtu akakubali kwamba ni haki. Sasa Namsifu alikuwa ameinua sindano mbele ya uso wake kama anayemwonyesha kipofu njia.

Akajaribu kutulia. Alivuta pumzi kwa pua, akashikilia, akatoa. Mapigo yalishuka kidogo, kisha akakumbuka rangi ya midomo ya Pazi na yakapanda palepale. Akafumba macho, akajaribu kumfikiria mama yake akipepeta maharage kule Usangi. Mama yake kwenye mawazo yale akamgeukia na kumuuliza huyo kijana amefika wapi. Namsifu akafumbua macho. Aliogopa, na kilichomuogopesha zaidi ni kwamba alipokuwa anatamka uongo mwili wake ulitulia kwa sababu ya mazoea, na sasa anasema kweli hakuna wa kumwamini.

Akawasha redio na kumwita Kapteni Shekalaghe, mkuu wa tiba kule kambini, mtu wa maneno machache aliyemfundisha kushona majeraha. Akamweleza yote bila kuficha, na neno kutanguliza akalisema hewani, ambako hakuna tabibu aliyewahi kulisema.

Kapteni hakumkaripia. Alisema anayaona mapigo yake kwenye skrini, na kwamba amewaona matabibu wazuri wakiapa hawakufunga mikanda waliyoifunga barabara. Kuna mmoja alilia kabisa. Akamuuliza kama ana hakika hiyo sindano si ya mtu mwingine.

"Ina jina lake, Afande."

Kapteni akasema anamwamini, lakini imani yake haina kazi. Skrini ilimruhusu kusoma tu. Sheria ilitungwa kwa sababu wakubwa wa zamani walikuwa wakirekebisha taarifa za majeruhi ili makosa ya amri zao yasionekane, hivyo kauli ikawa ni ya yule aliyemshika mgonjwa, na hakuna nyota ya begani inayoweza kuigusa. Kwenye skrini hiyohiyo Kapteni aliona shinikizo la damu la Pazi likishuka. Kipanga nacho kilikuwa kinaona. Kilikuwa kimesoma kwamba dawa ameshapewa, na dawa hiyo haitolewi mara mbili, hivyo mikono yake ilikuwa imetulia.

"Kuna kuvunja muhuri," alisema Kapteni.

Namsifu aliijua amri hiyo, ingawa hakuwahi kuiona ikitumika. Iliwekwa kwa ajili ya siku ambayo adui atamteka tabibu na kuvaa bangili yake. Haijali mapigo. Ukiitoa, kauli zako zote za safari ile zinafutika, mpya hazipokelewi hadi ndege itue, na Kipanga kinaanza kumtibu kila aliyemo kama mtu ambaye hajaguswa na mkono wa binadamu. Pazi angepata dawa yake papo hapo. Sajenti Ng'wandu naye angeonekana ni mtu mwenye nyonga iliyovunjika anayegumia kwa maumivu, ambaye hajapewa chochote, na mkono wa chuma ungempa mofini kipimo kamili juu ya kile alichokwisha kupewa.

"Dawa ya kuipinga mofini si imo ndani?" aliuliza Namsifu.

"Haimo. Tuliiagiza tangu mwezi uliopita."

"Kwa hiyo atalala na kuacha kupumua."

"Huenda. Ni mtu mkubwa, huenda akastahimili. Sitaki kukudanganya."

"Ungekuwa wewe ungefanya nini, Afande?"

"Sijui," alisema Kapteni. "Na namshukuru Mungu siulizwi."

*

Ndani ya kila Kipanga kuna spika ndogo. Wataalamu waligundua kwamba majeruhi anayesikia sauti anayoijua hufika akiwa na hali nzuri zaidi, basi wakampa tabibu njia ya kuongea nao angani. Mara nyingi hutumika kwa maneno ya kutia moyo, na mara nyingi zaidi haitumiki. Namsifu akaifungua.

"Sajenti. Sajenti Ng'wandu. Ni Namsifu."

Alimwita tena na tena kabla hajajibiwa. Sauti ya Sajenti ilikuwa nzito, ya mtu aliyeamshwa usingizini.

"Dokta. Hili dude lako lina baridi."

"Afande, nisikilize. Pazi sikumpa dawa ya damu. Nilisema nimempa, lakini sikumpa."

"Mbona ulisema?"

Namsifu alikuwa na maelezo mengi. Alikuwa na chuo, alama, wakufunzi, mlipuko na moto. Akayaacha yote.

"Kwa mazoea," alisema.

Akamweleza yaliyobaki kwa maneno mafupi, kwa kuwa hakujua mofini itamwachia akili zake kwa muda gani. Kwamba anaweza kuvunja muhuri. Kwamba akiuvunja, Kipanga kitamchoma Sajenti mofini ya pili kupitia dripu iliyoko mkononi mwake. Kwamba njia pekee anayoiona ni Sajenti aichomoe hiyo dripu kwa mkono wake kabla muhuri haujavunjwa, na aizuie mikono ya chuma isimchome tena.

"Nikichomoa, Mzaramo anapata dawa," alisema Sajenti.

"Ndiyo."

"Na mimi?"

"Wewe unakosa maji na damu ya kuongezewa. Nyonga yako imevunjika, unaweza kuwa unavujia ndani ambako sikuona. Sijui kama utafika."

"Nisipochomoa na wewe usipovunja?"

"Wewe yawezekana ukafika. Pazi sidhani."

Spika ikaleta sauti ya upepo na mtu anayekohoa. Namsifu alisubiri. Hakumsihi, na baadaye alipoulizwa kwa nini, alisema hakujiona ana haki ya kusihi.

"Huyu akifa," alisema Sajenti, "mimi ndiye nitakayetakiwa kuwachekesha watu msibani kwao. Mtani wake ni mimi. Nitawaambia nini? Kwamba nilikuwa nimelala pembeni yake na dripu yangu?" Akahema. Ikasikika plasta inabanduka kwenye ngozi. "Nimechomoa. Vunja huo muhuri wako."

Namsifu akavunja. Karani akamuuliza kama ana hakika, kwa kanuni tu, akajibu ndiyo, na hakuna aliyempima mapigo. Haikupita hata dakika, sauti ya Kipanga ikatangaza ndani ya ndege kwamba kitanda cha kwanza kimepewa dawa ya kugandisha damu. Kitanda cha kwanza kilikuwa cha Pazi. Namsifu alifunika uso kwa mikono yake yenye damu iliyokauka, akalia kwa furaha kidogo tu, kwa kuwa kazi ilikuwa haijaisha.

Mikono ya chuma ilikuwa imeanza kumtafuta Sajenti. Haikuwa na ubaya naye, iliona mgonjwa asiye na dripu na ikataka kumsaidia. Namsifu akamwambia aweke mikono yote miwili chini ya mgongo na kuilalia. Mtu aliyepondwa nyonga kulalia mikono yake si jambo la kumwomba hata adui. Sajenti alifanya hivyo, na sauti iliyomtoka ilimfanya Namsifu auondoe mkono kwenye redio kana kwamba imemuunguza. Kisha akaurudisha.

Ilibidi Sajenti asilale. Akilala mikono italegea, na mashine itapata mshipa. Basi wakaongea. Sajenti akamtania Namsifu kuwa Mpare wa kweli angeshaifungulia kesi hii mashine, auze ng'ombe alipe wakili. Namsifu akamjibu kwamba ng'ombe yuko tayari, anatafutwa shahidi. Sajenti akasema shahidi ni yeye, ila atadai nauli ya kutoka Bariadi. Akamweleza habari za binti yake wa mwisho, anayesomea ualimu, ambaye amekataa wachumba wote kwa sababu hawajui kuuliza maswali. Akauliza Pazi anaendeleaje. Namsifu, aliyekuwa akipewa habari na Kapteni redioni, akamwambia shinikizo lake limeacha kushuka. Akauliza tena baada ya muda mfupi, akajibiwa vilevile, akauliza tena.

Baadaye akawa anajibu kwa kuguna. Namsifu aliendelea kuongea, akiuliza na kujijibu mwenyewe, akimtajia Bariadi, binti, ng'ombe, chochote kilichomjia. Aliongea hadi Kapteni alipoingia redioni na kumwambia kwamba Kipanga kimetua, afunge spika.

*

Asubuhi iliyofuata Kapteni Shekalaghe alimwita kwenye hema la tiba. Alimwambia akae. Pazi alikuwa ametoka kwenye upasuaji, mguu wake upo na ameomba soda. Sajenti Ng'wandu alifariki mezani. Daktari aliyempasua alisema alikuwa amevuja sana ndani, na alipoulizwa kama dripu ingemuokoa, alisema labda, na labda si, na kwamba asilazimishwe kusema zaidi ya hapo.

Namsifu aliyasikia yote akiwa ameweka mikono magotini. Alikuwa ameshajua tangu spika ilipofungwa, lakini kujua na kuambiwa ni vitu viwili.

Kilichobaki kilikuwa kauli yake. Kwa kuwa muhuri ulivunjwa, taarifa ya safari ile ilikuwa tupu, na aliyepaswa kuijaza ni yeye, mbele ya ofisa, akiwa ametulia. Kapteni aliweka kipaza sauti cha Karani mezani. Kabla hajakiwasha alimwambia jambo moja bila kumtazama usoni. Akisema kwamba alitanguliza, hawatamgusa yeye peke yake. Kila yakini iliyowahi kuandikwa na kila tabibu wa kikosi itatiliwa shaka, na wapo huko mahospitalini watu wanaotibiwa leo kwa kuzitegemea. Akisema kwamba alichanganyikiwa na milipuko, ni jambo linaloeleweka, litaishia hapohapo. Karani ataipokea kauli yoyote ile, mradi mapigo yake yawe mazuri.

Namsifu alivuta pumzi, akashikilia, akatoa. Bangili ikawa kijani.

"Je, Praiveti Pazi alipewa dawa ya kugandisha damu na tabibu?" aliuliza Karani.

"Hapana. Nilisema nimempa kabla sijampa, kwa sababu ndivyo tunavyofanya. Tunatanguliza. Wote."

"Yakini," alisema Karani.

Kapteni alishusha pumzi polepole. Namsifu hakujua kama amekasirika au ametua mzigo.

"Je, dripu ya Sajenti Ng'wandu iliondolewa kwa maelekezo ya nani?"

"Mimi," alisema Namsifu.

Bangili ikawa nyekundu.

"Mapigo mia na arobaini na tano. Kauli haijapokelewa. Tulia, kisha rudia."

Akatulia. Alisubiri hadi kijani kikarudi, akafungua mdomo, akasema, "Mimi," na nyekundu ikarudi pamoja na neno lenyewe. Akarudia. Akabadilisha maneno, akasema ni yeye aliyemwambia achomoe. Karani akamjibu vilevile, kwa upole uleule, kama mtu mwenye siku nzima ya kusubiri. Machozi yalikuwa yanamtiririka Namsifu na hakuyafuta.

Kapteni akafungua droo, akatoa kidonge kimoja cha kutuliza, akakiweka mezani pamoja na kikombe cha maji. Akamwambia hakuna aibu, wengi hufanya hivyo siku za kutoa kauli. Akimeza nusu, watamaliza kabla ya chai. Au aende akapumzike, arudi kesho au keshokutwa, mwili ukishazoea.

Namsifu alikisukuma kile kikombe taratibu hadi upande wa pili wa meza.

"Afande," alisema, "siku nitakayoweza kuyasema hayo nikiwa nimetulia, msiniamini."

Kapteni alimtazama. Kisha akanyoosha mkono, akaifungua ile bangili na kuiweka mezani, na ilipokosa ngozi ya mtu ikazimika. Akavuta kiti chake karibu, akamwambia aanze tangu mwanzo, amsimulie yeye. Namsifu akasimulia, sauti na mikono vikimtetemeka, na Kapteni akamsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.